Kutoka Jozani hadi Chumbe: Wajibu wa Mgeni katika Hifadhi za Kusini mwa Unguja

Hifadhi ya mazingira, yaani eneo la ardhi au bahari ambalo sheria imelitenga ili viumbe wake wasivunwe wala kusumbuliwa kiholela, haiwezi kulindwa na askari peke yao pale ambapo maelfu ya watu hukaribishwa kuingia humo kila mwaka kwa kulipa kiingilio. Mgeni huingia na miguu inayokanyaga, mikono inayotamani kugusa na fedha zinazoshawishi, na kwa hiyo namna ya kumfanya ajione ana dhamana juu ya mahali asipoishi, na ambapo huenda asirudi tena, ni suala la uhifadhi wenyewe wala si la adabu tu. Wazee wa pwani walikwisha kulisemea jambo hili waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Lakini mtalii wa leo huwa ameshaondoka kabla siku ya tatu haijafika, kwa hiyo jembe lake sharti aliwekewe tayari tangu anapokanyaga mlangoni. Kusini mwa kisiwa cha Unguja jambo hilo linaweza kufuatiliwa kwa barabara na kwa chombo cha baharini katika safari moja, kwa sababu Msitu wa Jozani, pwani ya Kizimkazi na kisiwa cha Chumbe haviko mbali sana, ilhali kila kimoja humpokea mgeni kwa utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaoamua mwenendo wake kuliko kibao chochote kilichosimamishwa langoni.

Barabara itokayo Mji wa Zanzibar kuelekea Makunduchi huanza katika ardhi yenye udongo mzito, ambako minazi na miembe hustawi, kisha taratibu huingia katika maweni, yaani nchi ya mawe ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, ambako udongo ni haba na mkulima hupanda mbegu katika mifuko midogo ya ardhi iliyoachwa kati ya mawe. Umbali wa kilomita 35 hivi kutoka mjini, karibu na kijiji cha Pete, miti hurefuka ghafla pande zote mbili na gari hulazimika kupunguza mwendo, si kwa sababu ya kona wala kituo, bali kwa sababu ya matuta yaliyojengwa makusudi ili kima wavuke. Huo ndio mlango halisi wa Jozani. Kabla ya matuta hayo kima wengi waligongwa na magari katika kipande hiki cha barabara, na baada ya kujengwa vifo vilipungua ingawa havikwisha. Inafaa kutambua kwamba wajibu wa kwanza wa kila apitaye hapa, awe mtalii ndani ya gari la kukodi au abiria wa daladala anayekwenda zake Paje kwa shughuli nyingine kabisa, umetiwa ndani ya barabara yenyewe, kiasi kwamba hata asiyejua lolote juu ya kima huutimiza.

Kima punju, ambaye ni kima mwekundu wa Zanzibar, haishi kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani. Sensa iliyofanywa kote kisiwani katika muongo uliopita ilikadiria kwamba wamebaki zaidi ya 5,800, na karibu theluthi moja yao wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, katika mashamba na vichaka vya watu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na ambayo ndiyo hifadhi ya taifa ya pekee ya Zanzibar, inachukua kilomita za mraba 50 hivi za msitu wa kinamasi, vichaka vya maweni na mikoko, lakini kundi ambalo wageni wengi huliona halimo ndani kabisa ya msitu, bali ukingoni mwake, karibu na barabara na mashamba, ambako kima hula majani ya miembe na mikungu. Watafiti walioandika habari zao katika miaka ya 1990 walibainisha kwamba kima hawa hutafuta makaa ya kuni na kuyala, kwa sababu makaa hufyonza kemikali za majani hayo ambazo vinginevyo zingewadhuru tumboni. Maelezo hayo mgeni anapoyapata papo hapo, huku kima ameketi juu ya tawi na kipande cheusi mkononi, hufanya kazi ambayo katazo haliwezi kuifanya: anaelewa kwamba tumbo la mnyama huyu lina vyumba kadhaa na limeumbwa kwa ajili ya majani na matunda mabichi, na kwamba ndizi mbivu au biskuti ambayo angemrushia kwa wema ingekuwa madhara.

Kanuni ya Jozani ni kwamba mgeni akae umbali wa mita 3 hivi kutoka kwa kima, asimlishe, na ikiwa ana mafua asimsogelee kabisa, kwa kuwa maradhi ya njia ya hewa ya binadamu huweza kumwambukiza mnyama aliye karibu naye kinasaba. Lakini kima hawa wamezoea watu, nao wenyewe hushuka na kupita kati ya miguu ya wageni, na mgeni aliyesafiri kutoka mbali anataka picha ambayo uso wake na uso wa kima vimo pamoja. Hapo ndipo mwongozaji hujaribiwa. Pato lake linategemea kwa sehemu kubwa bakshishi, yaani zawadi ya hiari anayopewa mwishoni mwa matembezi, na mgeni aliyerudishwa nyuma hatua mbili mbele ya wenzake si mgeni anayefungua mkoba kwa moyo mkunjufu. Wapo waongozaji wanaosimama imara, tena kwa ucheshi unaomwacha mgeni bila fedheha, na wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa. Hata hivyo si haki kuukabidhi uhai wa mnyama adimu kwa ushujaa wa mtu mmoja anayejua kwamba kila anapokataa jambo anajipunguzia riziki. Sehemu ya mapato ya kiingilio imekuwa ikienda kwa vijiji vinavyouzunguka msitu na kwa wakulima ambao mazao yao huliwa na kima, na mpango huo umebadili mengi, maana mnyama aliyekuwa akifukuzwa shambani kama adui sasa ana wanaomtetea. Jambo la kusikitisha ni kwamba mgeni mara nyingi huondoka bila kuambiwa habari hiyo, naye anadhani kwamba amelipia njia ya kutembelea na kivuli cha miti.

Kutoka Jozani barabara huendelea hadi Kitogani, ambako hugawanyika, na mkono wa kulia huelekea kusini kupitia Muyuni mpaka Kizimkazi. Kijiji hiki kina msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi, lakini wageni wengi wanaofika huwa wametoka mahotelini kabla ya jua kuchomoza, nao hupita bila kuutazama na kushuka moja kwa moja pwani, ambako boti za mashine huwa zimekwisha kusogezwa. Wamekuja kwa ajili ya pomboo. Katika maji haya ya Ghuba ya Menai, ambayo yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997 na yana ukubwa wa kilomita za mraba 470, wanaishi pomboo wa aina mbili, wale wanaoogelea kwa makundi yenye mchezo mwingi na wale wenye nundu mgongoni ambao ni waoga zaidi na hupendelea maji mafupi ya karibu na ufukwe. Hadi miaka ya 1990 wavuvi wa hapa waliwawinda ili kupata chambo cha papa, na kuja kwa watalii ndiko kulikosababisha pomboo kuwa na thamani zaidi wakiwa hai. Hilo ni badiliko kubwa, na yeyote anayeilaumu Kizimkazi bila kulitaja hamtendei haki mvuvi wa Kizimkazi.

Lakini yanayotokea baharini asubuhi yanahitaji kuelezwa bila kuficha. Boti ya kwanza ikiwaona pomboo, nyingine huona mkusanyiko na kuufuata, na kwa muda mfupi kundi la wanyama watano au sita linaweza kuzingirwa na vyombo vingi kuliko idadi yake. Nahodha huzunguka mbele ya kundi ili awasubiri njiani, wageni wenye miwani ya kuogelea huambiwa waruke, pomboo huzama na kuibukia upande mwingine, mashine huwashwa tena na mzunguko huanza upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu pomboo wa pwani hii ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo wanyama hupunguza muda wa kupumzika na wa kuchangamana, na huongeza muda wa kusafiri. Maana yake si ndogo: pomboo hupumzika kwa kuogelea polepole, na jike anayenyonyesha anahitaji utulivu ili mtoto wake apate maziwa, kwa hiyo nguvu inayotumika kukimbia boti hutolewa katika hesabu ambayo haina akiba. Ipo miongozo inayotaka boti zisikaribie mno, zisifukuze na zisiwazingire wanyama, na manahodha wanaifahamu. Wengi wao wanawajua pomboo hawa kuliko mtaalamu yeyote, wanajua wapi hulala upepo wa kusi ukivuma na wapi huhamia kaskazi ikiingia.

Kwa nini basi mtu anayejua hivyo atende kinyume? Jibu liko katika mnyororo wa malipo. Mgeni hununua safari mjini au hotelini, mara nyingi kwa papasi, jina wanaloitwa vijana wanaouza safari mitaani. Kila anayeshika fedha hizo njiani huchukua chake, na kinachomfikia nahodha baada ya kununua mafuta ni kidogo. Ameahidiwa mgeni, kwa kauli ya mtu ambaye nahodha hajapata kumwona, kwamba ataogelea na pomboo, na mgeni asipoogelea nao huona ameibiwa. Nahodha anayekaa mbali na kuzima mashine humwona mwenzake akipita na kupeleka wageni wake katikati ya kundi, na jioni ni huyo mwenzake atakayesifiwa. Katika hali hiyo, kumhubiria mgeni peke yake hakutoshi, na kumhubiria nahodha peke yake ni kumwonea. Wajibu wa mgeni hukua pale tu ambapo mwenyeji ana uwezo wa kumwambia hapana bila kupoteza chakula cha siku hiyo, na hoja hii, ambayo Kizimkazi inaionyesha kwa upungufu, kisiwa cha Chumbe kinaionyesha kwa utimilifu.

Chombo cha kwenda Chumbe huondoka Mbweni, kusini kidogo mwa mji, na huchukua muda usiofika saa moja. Kisiwa chenyewe ni kidogo sana, kina urefu wa kilomita moja na ushei na ukubwa wa hekta 22 hivi, na kinachoonekana kwanza ni mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904 kwa ajili ya kuongozea meli, na msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya watunza taa. Hakikuwa na wakazi wengine, kwa sababu hakina kisima wala chemchemi. Mvua inayonyesha hupotea ndani ya mawe. Upande wake wa magharibi kuna mwamba wa matumbawe, yaani jengo la chokaa linalojengwa polepole na wanyama wadogo wasiohama, na mwamba huo ulibaki salama kwa kuwa njia ya vyombo ilipita karibu na uvuvi hapo haukuruhusiwa kwa sababu za kijeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhifadhi wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, aliishawishi Serikali ya Zanzibar kuukabidhi mwamba huo kwa kampuni iliyoanzishwa kwa lengo la kuuhifadhi, ambayo mapato yake ya utalii yangegharimia ulinzi na elimu, na mwaka 1994 mwamba ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya bahari ambamo hakuna uvuvi wowote. Msitu wa kisiwa nao ulifuata kufungwa muda mfupi baadaye.

Walinzi wa Chumbe ni watu waliotoka katika vijiji vya wavuvi, na wengi wa mwanzo walikuwa wavuvi hasa, waliofundishwa kuogelea na miwani ya kuzamia, kutambua matumbawe kwa majina yake na kuzungumza na wageni. Hawabebi silaha. Mvuvi anayeingia ndani ya mpaka hufuatwa kwa chombo na kuelezwa, kwa lugha yake na pengine na mtu anayemfahamu ukoo wake, kwamba samaki wanaozaliana humu ndio wanaotoka na kujaza maji ya nje anakotupa dema lake, yaani mtego wa kufuma anaoutumia. Wanalipwa mshahara wa mwezi, na jambo hilo, ambalo katika maandishi ya uhifadhi hutajwa kwa nadra, ndilo msingi wa mengine yote. Mlinzi anayeelea juu ya mwamba pamoja na wageni akimwona mmoja wao anataka kusimama juu ya tumbawe ili arekebishe miwani yake, humshika mkono na kumvuta palipo na kina mara moja, bila kuhesabu hasara. Mgeni naye hupokea hilo bila kinyongo, kwa sababu alikwisha kuelezwa mapema, kabla hata hajavaa mapezi ya miguuni, kwamba tawi analotaka kulikanyaga ni kundi la wanyama hai waliolijenga kwa miaka mingi.

Mwamba huu una aina zipatazo 200 za matumbawe magumu na zaidi ya 400 za samaki, nao hautazamwi kwa kuzama na mitungi ya hewa, kwani mgeni wa kawaida haruhusiwi, bali kwa kuelea juu ya maji kwa miwani na bomba la kupumulia, tena kwa makundi madogo na mwongozaji. Vyombo havitii nanga juu ya mwamba. Hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa kwa kazi hiyo, kwa sababu nanga moja inayoburutwa huvunja kwa dakika kitu ambacho kilihitaji umri wa mtu kukua. Msituni hali ni hiyo hiyo: njia ni nyembamba, mizizi imeshikana na mawe yenye ncha, mahali fulani jiwe la njiani huonyesha gamba la chaza mkubwa aliyegeuka jiwe tangu zama ambazo hapa palikuwa chini ya bahari, na paa nunga, swala mdogo aliye hatarini kutoweka Unguja kwa kuwindwa, aliletwa hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ili apate maficho. Panya walikwisha kuondolewa kisiwani mwaka 1997, na usiku kaa wa nazi, ambaye ni kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu, hutoka mashimoni kutafuta chakula. Ndiyo sababu vijia havina taa, na mgeni hutembea na tochi yake akiangalia anapoweka mguu.

Hata hivyo fundisho kuu la Chumbe halimo mwambani wala msituni, limo katika nyumba za wageni. Ziko saba tu, zimeezekwa makuti, na paa la kila moja limejengwa pana na lenye mteremko wa kupokea mvua, ambayo huchujwa na kuhifadhiwa ndani ya tangi lililo chini ya sakafu. Maji hayo ndiyo ya kuoga, na yakiisha yameisha mpaka mvua nyingine. Maji yaliyotumika hupitishwa katika vitalu vya mimea inayonyonya sabuni na mbolea kabla hayajafika ardhini. Choo hakitumii maji kabisa, kwani kinyesi huchanganywa na majani makavu na kuoza kuwa mboji, kwa sababu katika kisiwa cha mawe yenye vinyweleo shimo la choo la kawaida lingevuja moja kwa moja hadi kwenye matumbawe na kurutubisha mwani unaoyasonga. Umeme hutoka juani. Mgeni aliyezoea bomba lisilokauka hujikuta, pasipo kuambiwa na mtu, akifunga maji anapojipaka sabuni na kutazama mawingu ya kusini kwa matumaini ya mkulima. Anayeishi ndani ya nyumba ambayo sakafu yake ni kifuniko cha maji yake yote hahitaji hotuba juu ya ukomo wa maliasili. Naye akirudi kwao na tabia hiyo, hata kwa sehemu, kisiwa kitakuwa kimefanya kazi nje ya mipaka yake.

Fedha za wageni hao hulipia pia wageni wa namna nyingine, ambao ni wanafunzi wa shule za Zanzibar na walimu wao, wanaoletwa bila malipo kuutazama mwamba ambao wamezaliwa karibu nao na hawajapata kuuona. Wengi wao, hasa wasichana, hawakufundishwa kuogelea, ingawa ni watoto wa kisiwani, na huingia majini kwa mara ya kwanza wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea maisha. Mpango huu unastahili kutangulizwa mbele ya mapambo yote ya utalii wa mazingira, kwa sababu unakataa wazo kwamba uzuri wa hifadhi ni wa kutazamwa na mgeni wa mbali huku mwenyeji akiambiwa tu asiguse. Mtoto wa mvuvi aliyeuona mwamba kwa macho yake ana hoja ya kumweleza baba yake ambayo hakuna ofisa wa wizara awezaye kuisema kwa uzito ule.

Kipo lakini kisichozuiliwa na mlinzi wala boya. Bahari inapopata joto kupita kiasi, tumbawe huwafukuza mwani wadogo wanaoishi ndani ya mwili wake na kulilisha, hubaki jeupe, na joto likiendelea hufa. Hali hiyo, iitwayo kupauka kwa matumbawe, iliikumba Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998 na tena mwaka 2016, na Chumbe haikusalimika, ingawa mwamba wake ulijirudi vizuri kuliko mingi iliyokuwa imechoshwa na uvuvi wa juya na baruti. Mgeni aliyefika kwa ndege kutoka Ulaya ameuletea mwamba fedha za ulinzi na pia amechangia joto linaloudhuru, na ukweli huo anastahili kuambiwa kama anavyoambiwa asikanyage tawi. Anayeficha habari hiyo ili asimwudhi mteja anamnyima mgeni nafasi ya kuwajibika katika jambo lililo zito kuliko mengine yote.

Chombo kinaporudi Mbweni, swali linalobaki ni kama utaratibu wa Chumbe unaweza kuhamia pwani nyingine, kwani kisiwa hicho kinapokea watu wachache kwa bei ambayo si ya kila mtu, na kijiji kama Kizimkazi hakiwezi wala hakipaswi kugeuzwa hoteli yenye nyumba saba. Kinachoweza kuhamia ni mpango wa malipo. Manahodha wa Kizimkazi wanaweza kwenda baharini kwa zamu, kama vijiji vingi vya pwani vinavyogawana kazi, boti chache zikitoka kwa wakati mmoja, na mapato yakaingia katika mfuko wa pamoja unaomlipa kila nahodha sawa, pomboo waonekane wasionekane, wageni waruke majini wasiruke. Hapo yule anayezima mashine mapema hatakuwa mjinga mbele ya wenzake. Mfuko wa namna hiyo unahitaji hoteli na wauzaji wa mjini wakubali kulipa moja kwa moja kijijini, na unahitaji pia wageni wanaouliza, kabla ya kutoa fedha, ni kiasi gani cha bei hiyo kitamfikia anayeshika usukani.